Viza ya kutembelea Ulaya: andaa faili linalojieleza

Mwaliko umeshafika. Pengine ni binti yako aliyeolewa Hamburg anataka umwone mjukuu, pengine mdogo wako anahitimu masomo Amsterdam, pengine kuna maonyesho ya biashara Frankfurt. Kilichobaki ni kipande cha karatasi kinachobandikwa kwenye pasipoti, na hapo ndipo watu wengi waaminifu wenye safari ya kweli hukwama. Hukwama kwa sababu nyaraka walizopeleka hazikueleza yale ambayo wao wenyewe wanayajua vizuri: wanakwenda kufanya nini, nani anagharamia, na kwa nini watarudi nyumbani.

Afisa anayeamua maombi yako hakujui, na mara nyingi hamtaonana. Anayekupokea dirishani kazi yake ni kukusanya karatasi na kuchukua alama za vidole. Mwamuzi atalisoma faili baadaye, wewe ukiwa umesharudi Mbagala au Moshi, na hakuna atakayekupigia simu umfafanulie. Kwa hiyo faili lenyewe ndilo litakalokusemea.

Mwongozo huu unamlenga Mtanzania anayeomba viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, lakini masharti yake makuu yanamhusu pia Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo. Soma mpaka mwisho kabla hujalipa hata shilingi moja.

Jua kwanza viza hii inakufikisha wapi

Schengen ni kijiji cha Luxembourg ambako makubaliano ya kuondoa ukaguzi wa mipakani yalitiwa saini tarehe 14 Juni 1985. Leo nchi zinazotumia viza hiyo ya pamoja ni 29. Bulgaria na Romania ndizo za mwisho kuingia kikamilifu, tarehe 1 Januari 2025. Uswisi, Norwei na Iceland zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja huo lakini hazimo katika Schengen, na Uingereza haimo kabisa. Ukitaka kupitia London kumwona shangazi, hiyo ni viza nyingine, ada nyingine na faili jingine.

Viza ya mgeni wa muda mfupi huitwa aina ya C. Inaruhusu kutembelea ndugu, kutalii, kuhudhuria mkutano, kutibiwa au kufuatilia biashara. Hairuhusu kuajiriwa. Anayetaka kusoma mwaka mzima au kuhamia kwa mwenzi wake anahitaji aina ya D, ambayo kila nchi inaitoa kwa sheria zake.

Msomaji mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo azingatie jambo la ziada: raia wa nchi hiyo anatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani, aina ya A, hata kama anabadilisha ndege tu na hatoki eneo la abiria wa kimataifa. Wanaosamehewa ni wachache, wakiwemo baadhi ya wenye viza au vibali vya ukaazi vya Marekani, Kanada na Japani.

Hesabu ya siku 90

Hapa wengi hujikuta wamevunja sheria bila kukusudia. Unaruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kipindi hicho hakianzi Januari, wala hakianzi siku uliyopewa viza. Kila siku unapokuwa huko, rudi nyuma siku 180 na ujumlishe siku zote ulizokaa humo.

Chukua mfano wa mtu mwenye viza ya kuingia mara nyingi aliyefika 1 Machi na kuondoka 29 Mei. Machi ina siku 31, Aprili 30, na Mei alikaa 29, jumla 90. Siku zake zimekwisha. Hawezi kurudi Juni wala Julai, hata kama viza yake bado iko hai. Tarehe ya mapema anayoweza kuingia tena ni 28 Agosti, siku zile za Machi zinapoanza kutoka kwenye hesabu. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa kila mgeni pamoja na picha ya uso wake. Usitegemee kwamba hakuna atakayehesabu.

Chagua ubalozi unaostahili

Maombi yanapelekwa kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari. Ukienda nchi moja, jibu liko wazi. Ukienda zaidi ya moja, peleka kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, peleka kwa ile utakayoingia kwanza. Nchi isiyo na huduma ya viza hapa nyumbani huwakilishwa na nyingine, au hupokea maombi katika nchi jirani, kwa hiyo angalia tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya nchi husika kabla hujapanga foleni.

Jihadhari na ushauri wa vijiweni kwamba ubalozi wa nchi fulani ni rahisi, basi omba huko kisha ukifika ukate kona. Mtu aliyepewa viza kwa ajili ya wiki mbili Ureno, akatua Frankfurt bila tiketi ya kwenda Lisbon, ana maswali ya kujibu, na viza inaweza kufutwa palepale.

Muda na ada

Dirisha la kuomba hufunguka miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla yake. Ubalozi una siku 15 za kuamua, na kwa faili linalohitaji uchunguzi zaidi zinaweza kufika 45. Lakini hesabu hiyo huanza maombi yanapopokelewa, na kupata miadi peke yake kunaweza kuchukua wiki kadhaa, hasa karibu na Juni na Desemba. Ukiwa na harusi ya Agosti, anza Machi au Aprili.

Tangu 11 Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipiwi. Ubalozi ukitumia kampuni ya kupokea maombi, kuna ada ya huduma juu yake. Fedha hiyo hairudi hata ukinyimwa, na kwa mshahara wa kwetu ni fedha nyingi. Ndiyo maana haifai kuomba kwa kubahatisha.

Kuna msamaha ambao wengi hawaujui. Mke, mume au mtoto wa raia wa Umoja wa Ulaya anayekwenda na raia huyo, au kumfuata, katika nchi ya Umoja ambayo si ya uraia wake, hupewa viza bila ada na kwa haraka. Mke wa Mfaransa anayeungana na mumewe huko Ujerumani yumo. Akienda naye Ufaransa kwenyewe, kwa kawaida kanuni hiyo haimhusu, bali sheria za Ufaransa.

Pasipoti na majina

Pasipoti yako iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya tarehe utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Kama imebakiza muda mfupi, anza na Uhamiaji kabla ya kufikiria viza. Unayo ya zamani yenye viza za nchi nyingine? Ipeleke pia, kwa sababu ni ushahidi kwamba ulikwenda na ukarudi.

Kisha tandaza nyaraka zako zote mezani na usome jina moja moja. Sisi hutumia jina letu, la baba na la babu, na kila ofisi huandika inavyosikia. Pasipoti inasema Mohamed, kitambulisho cha Taifa kinasema Mohammed, benki wameandika Muhammad, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la babu tu. Wewe unajua ni mtu mmoja, lakini asiyekujua anaona watu wanne. Panapowezekana, sahihisha kwenye ofisi iliyokosea. Pasipowezekana kwa wakati, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba majina hayo yote ni yako, na nakala iingie kwenye faili.

Vyeti vilivyoandikwa kwa Kiswahili vitafsiriwe kwa Kiingereza au kwa lugha ya nchi unayoomba. Tafsiri yenye ithibati hupatikana kupitia BAKITA, na kwa Zanzibar kuna BAKIZA. Picha ni ya milimita 35 kwa 45, ya karibuni, mandhari nyeupe. Hijabu inaruhusiwa ilmradi uso wote uonekane kuanzia kidevuni hadi kwenye paji.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, anahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya maandishi ya wazazi wasiosafiri, iliyothibitishwa na wakili. Mzazi akiwa amefariki, weka cheti cha kifo. Usiache pengo ambalo afisa atalijaza kwa wasiwasi wake.

Swali la kwanza: unakwenda kufanya nini?

Barua ya mwaliko ndiyo moyo wa sehemu hii, na barua nyingi hazisemi kitu. "Namwalika mama yangu aje kututembelea" haitoshi. Linganisha na hii:

"Mimi ninaishi Hamburg tangu 2016 na ninafanya kazi ya uuguzi. Namwalika mama yangu mzazi akae nyumbani kwangu kuanzia tarehe 3 hadi 30 Juni, ili amwone mtoto wetu aliyezaliwa Aprili. Nitamlipia tiketi na chakula. Naambatanisha nakala ya kibali changu cha ukaazi, mkataba wa nyumba, hati zangu za mshahara za miezi mitatu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na cheti changu cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mama."

Barua hiyo ina tarehe, mahali pa kukaa, uhusiano, sababu na ushahidi wa kila dai. Iandikwe kwa lugha ya nchi hiyo au kwa Kiingereza, itiwe saini, na iwe na namba ya simu ya mwenyeji.

Nchi kadhaa hudai zaidi ya barua. Ujerumani ina hati iitwayo Verpflichtungserklärung. Mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji wake, iitwayo Ausländerbehörde, akiwa na uthibitisho wa kipato, hulipa euro 29, na huapa mbele ya serikali kwamba atabeba gharama zako zote. Kiapo hicho ni kizito. Ukiugua bila bima au ukazamia, serikali inaweza kumdai yeye, na wajibu wake hudumu miaka 5. Isipite miezi 6 tangu hati isainiwe hadi uombe viza. Ufaransa ina attestation d'accueil inayotolewa na ofisi ya meya kwa mgeni atakayelala kwa mtu binafsi. Uholanzi ina fomu ya udhamini na malazi ambayo saini yake huthibitishwa na manispaa. Mwambie mwenyeji wako mapema, maana ofisi hizo nazo zina foleni.

Ukienda kibiashara, mwaliko utoke kwa kampuni au waandaaji wa maonyesho, na uambatane na uthibitisho wa usajili wako. Ukienda kutalii, weka ratiba ya siku kwa siku yenye hoteli zilizohifadhiwa.

Swali la pili: nani analipa, na fedha imetoka wapi?

Kwa kawaida utaombwa taarifa ya benki ya miezi mitatu ya mwisho, na baadhi ya balozi huomba zaidi. Afisa haangalii salio la mwisho tu. Anasoma mstari kwa mstari.

Fikiria taarifa ya mwalimu anayepokea shilingi 850,000 kila tarehe 24. Fedha inaingia, inatoka kidogo kidogo, na kila mwisho wa mwezi panabaki laki moja au mbili. Halafu, siku sita kabla ya miadi, zinaingia milioni 12 kwa mkupuo. Kwa mwalimu huyo, hizo ni fedha alizokopeshwa na shemeji ili akaunti ipendeze. Kwa afisa, ni fedha isiyo na asili, na inafanya hata mshahara halali utiliwe shaka. Mwalimu huyu angefanya vizuri zaidi kuonyesha salio lake dogo la kweli pamoja na udhamini kamili wa mwenyeji.

Fedha ikiwa halali, ionyeshe ilikotoka. Umeuza kiwanja? Weka mkataba wa mauziano. Ni mgawo wa kikoba? Weka barua ya kikundi yenye saini za viongozi, cheti cha usajili kama kipo, na kurasa za daftari lako la hisa. Umepata zamu yako ya mchezo? Lieleze hilo katika barua yako, na ufafanue kwamba ni utaratibu wa kuchangiana na wenzako kila mwezi. Afisa aliyetoka Ulaya hajakua katika mitaa yenye upatu, kwa hiyo mwandikie kana kwamba anausikia leo.

Mfanyabiashara ambaye fedha zake hupita kwenye simu zaidi kuliko benki ana kazi ya ziada. Mama anayeuza vitenge Kariakoo anaweza kuwa na mzunguko mkubwa kuliko mfanyakazi wa ofisini, ila benki haijui. Kama safari iko mbali, anza leo kuweka mauzo benki kila wiki. Omba pia taarifa ya miamala ya simu yenye mhuri wa kampuni, na uiambatanishe na leseni ya biashara, cheti cha TIN, risiti za kodi, mkataba wa pango la fremu, na usajili wa BRELA ikiwa unao.

Swali la tatu: kwa nini utarudi?

Hapa ndipo maombi mengi huangukia. Sheria inamtaka afisa ajiridhishe kwamba utaondoka kabla viza haijaisha, na akiwa na shaka ya msingi anakataa. Kijana asiye na ndoa wala ajira rasmi anatazamwa kwa jicho kali zaidi. Inauma, hasa kwa mtu ambaye hana hata wazo la kubaki ugenini, lakini dawa yake ni ushahidi.

Mwajiriwa alete barua ya mwajiri inayotaja cheo, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, likizo iliyoidhinishwa na tarehe ya kuripoti tena. Mwanafunzi alete barua ya chuo yenye tarehe ya kufungua muhula. Mkulima alete hati ya kimila au barua ya serikali ya kijiji juu ya shamba, na stakabadhi za ushirika kama anauza korosho au kahawa. Mstaafu alete uthibitisho wa pensheni. Mwenye familia aweke cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Hati ya nyumba inasaidia, ingawa peke yake haitoshi, kwa sababu nyumba haimrudishi mtu kama kazi na watoto wanavyomrudisha.

Malizia kwa barua yako mwenyewe ya ukurasa mmoja inayojibu maswali yote matatu na kutaja kila kiambatisho kwa namba. Ni mwongozo wa afisa ndani ya faili lako, na mara nyingi ndiyo karatasi inayosahauliwa.

Bima na tiketi

Bima ya safari ni lazima. Iwe na kiwango cha chini cha euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, idumu siku zote utakazokuwa huko, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurejeshwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Kampuni za hapa nyumbani huiuza. Kabla hujatoka ofisini kwao, hakikisha kiwango hicho na neno Schengen vimeandikwa kwenye cheti.

Usikimbilie kununua tiketi. Kinachohitajika ni uhifadhi wa safari ya kwenda na kurudi, na mashirika ya ndege na mawakala hutoa hati hiyo kabla ya malipo kamili. Tarehe za uhifadhi, mwaliko, bima, likizo na fomu lazima zifanane. Likizo ikiisha 28 Juni na ndege ya kurudi ikiwa 30 Juni, umeshajipinga mwenyewe kwa maandishi.

Siku ya miadi, na vishoka

Fika mapema ukiwa na hati halisi na vivuli vyake. Alama za vidole kumi huchukuliwa kwa kila mwombaji wa miaka 12 na zaidi, na zikishachukuliwa zinaweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59. Vidole visiwe na vidonda wala hina nchani. Ukiulizwa swali, jibu kwa ufupi na kwa ukweli, hata kama ukweli ni kwamba uliwahi kunyimwa viza.

Nje ya balozi nyingi utakutana na vishoka. Kishoka atakuambia anamjua mtu ndani, atakutengenezea taarifa ya benki au barua ya kazi ya kampuni usiyoijua. Mkatae. Benki na waajiri hupigiwa simu. Karatasi ya kughushi ikigundulika, uamuzi huingia kwenye mfumo wa taarifa za viza unaosomwa na nchi zote 29, na hukaa humo hadi miaka 5. Kishoka atakuwa ameshabadilisha namba ya simu. Kujaza fomu kwa msaada wa mtu anayejua si kosa, ila isome yote kabla ya kutia saini, kwa sababu saini ni yako.

Viza ikitoka, isome

Usifurahie picha tu. Tazama mambo matatu. La kwanza ni tarehe za uhai, kuanzia lini hadi lini. La pili ni idadi ya kuingia: 01 ni mara moja, 02 ni mara mbili, MULT ni mara nyingi. La tatu ni idadi ya siku za kukaa, na hili ndilo linalochanganya. Viza inaweza kuwa hai kuanzia 1 Juni hadi 5 Julai na bado ikakupa siku 20 tu. Zile 15 za ziada ni nafasi ya kusogeza tarehe ya safari. Ukiingia 3 Juni, mwisho wako ni 22 Juni, hata kama 5 Julai haijafika. Ukikuta kosa la jina au tarehe, rudi ubalozini kabla ya safari.

Ukinyimwa

Utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Isome kwa utulivu, maana imekuambia tatizo liko wapi: lengo la safari halikuthibitishwa, uwezo wa kifedha haukuonekana, nia ya kurudi ilitiliwa shaka, au nyaraka hazikuaminika. Una haki ya kukata rufaa kwa sheria za nchi iliyokunyima, na fomu hueleza jinsi na muda wake. Fahamu kwamba Ujerumani, tangu 1 Julai 2025, haina tena utaratibu wa kuuandikia ubalozi upitie uamuzi wake. Kilichobaki ni kwenda mahakama ya utawala ya Berlin au kuomba upya.

Kuomba upya hakuna muda wa kusubiri, na kunyimwa mara moja hakukufungii mlango. Lakini usirudishe faili lilelile. Kama tatizo lilikuwa fedha, leta ushahidi mpya wa fedha. Ukirudia yaleyale utajibiwa yaleyale, na euro 90 nyingine zitakuwa zimekwenda.

Kuingia: viza haimalizi kila kitu

Afisa wa mpakani ana mamlaka ya kukuuliza upya na hata kukuzuia. Weka kwenye mkoba wa mkononi nakala za mwaliko, bima, tiketi ya kurudi, anwani na simu ya mwenyeji, pamoja na uthibitisho wa fedha. Mama asiyejua lugha ya huko abebe karatasi yenye maelezo ya safari yake iliyoandikwa na mwanawe. Dawa za kila siku ziwe kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Zawadi nazo zina sheria. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria, kwa hiyo samli na nyama ya kukausha ziache. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2. Maembe na mboga vinataka cheti cha afya ya mimea, lakini nanasi, nazi, ndizi na tende havihitaji. Miraa usiiguse: Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, na Ujerumani nako ni haramu. Mtu mwenye fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi lazima azitangaze.

Rudi kwa tarehe

Viza huongezwa kwa dharura tu, kama kulazwa hospitali au ndege kusimama, na maombi hupelekwa kwa mamlaka ya huko kabla siku hazijaisha. Kupitiliza bila sababu kunaweza kukuletea marufuku ya kuingia, na kumtia aliyekudhamini matatani.

Anayerudi kwa wakati hujijengea haki. Kwa kanuni za Schengen, aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Akiitumia vizuri hiyo, inafuata ya miaka miwili, kisha ya miaka 5. Mjukuu wa Hamburg hatazaliwa mmoja tu, na harusi zitakuwepo. Basi andaa faili la kweli, safiri kwa amani, na urudi siku uliyosema utarudi. Hakuna kishoka anayeweza kukuuzia rekodi kama hiyo.